Sera za uhamiaji Marekani zikibadilika: nani anaguswa, lini, na kwa karatasi ipi? (wanafunzi, watafiti na wahadhiri)

mwanga_wa_taa:

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba uzi huu uwe wa maelezo ya uhakika. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila tangazo likitoka Washington zinasambazwa picha za skrini zisizo na tarehe wala chanzo, na mtu anaahirisha safari au anakatisha masomo kwa sababu ya sentensi moja iliyosomwa vibaya. Maswali yangu:

1. Rais akitoa tangazo la kuzuia raia wa nchi fulani, anaguswa nani hasa? Aliye ndani anasoma, aliye nje mwenye viza, au aliye nje ambaye bado hajapata viza?
2. Mwanafunzi wa F-1 (viza ya masomo) anayekaribia kumaliza na anataka OPT, yaani ruhusa ya muda ya kufanya kazi ya fani aliyosomea, aombe lini na wapi watu wanakwama?
3. Ile ada ya dola 100,000 ya H-1B (viza ya kazi za kitaalamu), vyuo vikuu vinalipa au havilipi? Na mtafiti wa J-1 (viza ya programu za mabadilishano) je?
4. Aende nyumbani likizo au abaki?

Anayejua utaratibu wa Uingereza na Kanada naye asipite kimya. Tuweke tarehe na vipengele, tuachane na "nasikia".

---

dawati_la_wageni:

Mkuu, tenganisha viza na hadhi, nusu ya maswali yako yatajijibu.

Viza ni karatasi ya mlangoni. Ile stika kwenye pasipoti kazi yake ni kukufikisha mbele ya afisa wa mpakani ukaombe kuingia. Ikiisha muda ukiwa ndani unasoma, hujavunja sheria yoyote. Kinachokuweka ndani ni hadhi: rekodi yako ya kuingia, yaani I-94, pamoja na fomu I-20 ya chuo iliyo hai kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni (kwa J-1 ni DS-2019), pamoja na wewe mwenyewe kutimiza masharti. Viza hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje kupitia balozi, hadhi husimamiwa na Wizara ya Usalama wa Ndani. Kila mabadiliko yakitangazwa, jiulize kwanza yamepita kwenye ofisi ipi.

Mfano: Julai 2025 viza nyingi za raia wa Ethiopia na Cameroon zilipunguzwa zikawa za kuingia mara moja tu, ndani ya miezi mitatu. Watu wakaandika kwamba wanafunzi wa Ethiopia wamepewa miezi mitatu ya kusoma. Hapana. Akishaingia, anasoma mpaka I-20 yake iishe hata kama ni miaka minne. Gharama yake inakuja siku anapotoka, kwa sababu kila safari sasa inadai viza mpya.

Sasa swali la kwanza. Tangazo la Juni 2025, lililoanza kutumika tarehe 9 mwezi huo, lilisimamisha viza zote kwa nchi 12, Somalia na Sudan zikiwemo, na liliweka nchi 7 kwenye zuio la sehemu, Burundi ikiwemo. Tangazo la 16 Desemba 2025 liliongeza nchi nyingine kuanzia 1 Januari 2026. Sudan Kusini iliingia kwenye zuio kamili. Tanzania, Malawi na Zambia ziliingia kwenye zuio la sehemu. Zuio la sehemu linagusa viza za wahamiaji, za matembezi na biashara (B), na hizi zinazotuhusu hapa: F, M (mafunzo ya ufundi) na J. Walioandikwa kwenye orodha ya Juni ni Kongo-Brazzaville, si Kongo ya Kinshasa. Kosa hilo nimeliona hata kwenye barua za ofisi za udahili.

Anayeguswa ni mtu mwenye sifa mbili kwa pamoja: siku tangazo lilipoanza alikuwa nje ya Marekani, na siku hiyo hiyo hakuwa na viza hai. Aliye ndani haguswi. Aliye nje mwenye viza hai haguswi, na viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa na tangazo lenyewe. Mwenye uraia wa nchi mbili akisafiri kwa pasipoti ya nchi isiyotajwa haguswi pia, ingawa kwa Mtanzania mtu mzima hilo halisaidii kitu, maana sheria ya nyumbani hairuhusu uraia pacha.

Mtego uko mbele kidogo. Mtanzania au Mrundi aliye ndani na F-1, ambaye viza yake imeisha au itaisha kabla hajarudi, akitoka atalazimika kuomba F-1 mpya, na hiyo ndiyo iliyosimamishwa. Kwa mtu huyo jibu langu la swali la nne ni moja: usitoke mpaka uongee na mwanasheria wa uhamiaji, hata kama ni msiba. Najua ni neno gumu.

Kwa wengine (Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mkongo wa Kinshasa) safari inawezekana ila imekuwa na hatua zaidi. Kuanzia 2 Septemba 2025 msamaha wa usaili uliondolewa kwa walio wengi, kwa hiyo hata anayehuisha viza anakwenda dirishani. Kuanzia 6 Septemba 2025 unatakiwa kuomba katika nchi ya uraia wako au unakoishi. Ule mtindo wa kukimbilia ubalozi wa nchi ya tatu wenye foleni fupi umekwisha. Tangu Juni 2025 waombaji wa F, M na J wanatakiwa kuziacha akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi zionekane na umma. Kwenye DS-160, fomu ya kuomba viza, andika majina yote ya akaunti ulizotumia miaka mitano iliyopita. Akaunti uliyoisahau ikionekana baadaye itasomeka kama umeificha.

Kabla ya kununua tiketi fungua I-20 ukurasa wa pili, uangalie saini ya safari. Inadumu miezi 12. Kwa aliye kwenye OPT ni miezi 6. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Ukifika mpakani saini imepitwa, afisa anaweza kukurudisha, au akawa muungwana akakupa fomu I-515A inayokupa siku 30 kurekebisha. Usiutegemee uungwana huo.

Halafu kuna miezi mitano. Mwanafunzi akikaa nje zaidi ya miezi mitano bila kusoma, hadhi yake ya F-1 inakufa na anahitaji I-20 mpya ya kuanza upya. Waliokwama nje wakisubiri viza wasikae kimya, wawasiliane na chuo mapema kabla muhula haujawapita.

---

kalenda_kwanza:

Nachukua swali la OPT. Hapa wengi wanaumia kwa kalenda, wala si kwa sera mpya.

Tuseme tarehe ya kumaliza iliyo kwenye I-20 ni 15 Mei 2026. Dirisha la kuomba linafunguliwa siku 90 kabla, yaani 14 Februari, na linafungwa siku 60 baada, yaani 14 Julai. Tarehe ya kuanza kazi unayoichagua iwe kati ya 16 Mei na 14 Julai. Utaratibu unaanzia kwa afisa wa chuo anayeshika SEVIS, wengi tunamwita DSO. Yeye anaandika pendekezo kwenye mfumo na kukupa I-20 mpya. Baada ya hapo unatuma I-765, fomu ya kuomba kadi ya kazi, kwa USCIS (idara inayoshughulikia maombi ya walio ndani), na ombi lipokewe ndani ya siku 30 tangu pendekezo liingizwe. Pendekezo likiingia 20 Februari, mwisho wako ni 22 Machi. Ukituma tarehe 23 linakataliwa hata kama dirisha kubwa bado liko wazi, na ada hairudi.

Makosa mengine ya kila siku: kupakia I-20 ya zamani isiyo na pendekezo la OPT, kuomba kabla ya pendekezo kuingia kwenye SEVIS, kuchagua kipengele kisicho chake kwenye fomu. Kabla ya kumaliza shule ni (c)(3)(A), baada ya kumaliza ni (c)(3)(B), nyongeza ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni (c)(3)(C). Na anwani. Kadi hurudishwa kwa mtumaji kwa sababu mtu amehama bweni Mei bila kubadilisha anwani. Sheria inakupa siku 10 tu kuripoti anwani mpya, OPT au si OPT.

Ukipata kadi, unaruhusiwa siku 90 za kukaa bila kazi kwa mwaka mzima wa OPT, zinazohesabiwa tangu tarehe ya kuanza iliyo kwenye kadi. Kazi ni saa 20 au zaidi kwa wiki, ihusiane na ulichosomea. Kwenye OPT ya kawaida hata ya kujitolea inahesabika. Kwenye nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi lazima ulipwe, mwajiri awe kwenye E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi), na msaini pamoja I-983, fomu ya mpango wa mafunzo. Siku za kukaa bila kazi hapo zinafika 150 kwa kipindi chote.

Sasa sera. Desemba 2025 USCIS ilisimamisha uamuzi wa mwisho wa maombi ya raia wa nchi 19 zilizokuwa kwenye tangazo la Juni, na 1 Januari 2026 ikaongeza nchi mpya za tangazo la Desemba, Tanzania ikiwemo. Hapa ndipo kanuni ya dawati_la_wageni kwamba "aliye ndani haguswi" inapovuja. Tangazo la rais halimgusi, ila waraka wa USCIS unaligusa ombi lake. OPT inapita USCIS. Ukiomba kwa wakati, ombi likiwa linasubiri unaruhusiwa kukaa ila kufanya kazi hapana. Wala muda wa OPT hausogei bila kikomo, unatakiwa uishe ndani ya miezi 14 tangu kumaliza masomo. Kadi ikichelewa sana, inakula mwaka wako.

CPT, yaani mafunzo kazini yaliyo sehemu ya mtaala, haipiti USCIS. DSO anaidhinisha ndani ya SEVIS na unaanza tarehe iliyoandikwa kwenye I-20. Kwa mwanafunzi wa nchi hizo ambaye hajamaliza, ni busara kuitumia CPT kabla ya kuhitimu, baada ya kukamilisha mwaka mmoja wa masomo. Usifikishe miezi 12 ya muda wote, ukiifikisha unapoteza OPT ya ngazi hiyo. Na vyuo vinavyokupa CPT siku ya kwanza ya darasa kaa navyo mbali. Unaweza kusoma humo miaka miwili bila bughudha, ukaja kuulizwa siku ya kubadili hadhi kama kweli ulikuwa mwanafunzi.

Njia nyingine ni kuhamishia rekodi ya SEVIS chuo kingine ndani ya zile siku 60 za baada ya kumaliza. Programu mpya ianze ndani ya miezi mitano. Zikishapita siku 60 mlango huo umefungwa.

---

mwanga_wa_taa:

Shukrani sana. Na ile habari ya kufuta "D/S" na kuwapa wanafunzi miaka minne tu, ni sheria au ni uvumi?

---

dawati_la_wageni:

Ilichapishwa kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali, tarehe 28 Agosti 2025, kama pendekezo. Maoni ya umma yalipokewa mpaka 29 Septemba 2025. Pendekezo halimfungi mtu. Linalofunga ni kanuni ya mwisho, ambayo huchapishwa hapo hapo ikiwa na tarehe yake ya kuanza na maelezo ya walio ndani tayari. Ukitumiwa habari hii, fungua hati yenyewe, tazama juu imeandikwa ni pendekezo au ni kanuni ya mwisho, kisha nenda moja kwa moja kwenye tarehe ya kuanza.

Kwa nini vyuo vinaiogopa: leo I-94 ya mwanafunzi imeandikwa D/S, maana yake unakaa muda wote unaosoma, na DSO anaweza kurefusha I-20 akiona sababu ya kitaaluma. Pendekezo linaweka tarehe ngumu isiyozidi miaka minne. Shahada ya uzamivu yenye miaka mitano au sita ingelazimika kuomba nyongeza USCIS, pamoja na alama za vidole na foleni. Siku za neema baada ya kumaliza zingeshuka kutoka 60 hadi 30. Wa shahada ya kwanza asingebadili programu katika mwaka wa kwanza, na wa ngazi za juu asingebadili kabisa. Kwa mtafiti wa maabara ambaye msimamizi wake amehamia chuo kingine, hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza kuliko zote.

---

ajira_za_kitaaluma:

Upande wa wafanyakazi. Kwenye H-1B watu wanachanganya vitu viwili: kikomo cha idadi na malipo ya dola 100,000.

Kikomo ni nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za wenye shahada za juu za Marekani, na huchezeshwa kura. Vyuo vikuu haviingii kwenye kura hiyo. Chuo kinaomba mwezi wowote. Malipo ya 100,000 yanatokana na tangazo la 19 Septemba 2025, lililoanza kutumika 21 Septemba saa 6:01 usiku, likiandikwa kwa miezi 12. Tangazo hilo halikuvisamehe vyuo vikuu. Kwa hiyo chuo kiko nje ya kura lakini kiko ndani ya malipo.

Anayeguswa, kwa maelekezo ya USCIS ya 20 Oktoba 2025, ni mtu anayeombewa H-1B mpya akiwa nje ya nchi bila viza hai ya H-1B, au ombi linalotaka akachukue viza ubalozini. Aliye ndani akabadilishwa hadhi kutoka F-1 au J-1 kwenda H-1B, au akarefushiwa H-1B yake, malipo hayamhusu, mradi ombi hilo la kubadili au kurefusha likubaliwe. Ndiyo maana idara nyingi sasa zinaajiri walio ndani, na zinasita kwa mtu aliyemaliza uzamivu wake Nairobi au Johannesburg. Kwa maoni yangu hasara kubwa ya sera hii kwa vyuo iko hapo, kwenye orodha ya wasioitwa usaili kabisa.

Mahali pa kuharibu: mtafiti wa F-1 ameombewa kubadili hadhi, ombi linasubiri, akapata mkutano wa kitaaluma nje akasafiri. Kisheria amelitelekeza ombi la kubadili hadhi. Kazi yenyewe inaweza kukubaliwa, ila sasa anatakiwa kuchukua viza nje, na papo hapo dola 100,000 zinaingia. Siku tatu za mkutano hazina thamani hiyo. Mkuu wa idara aandikiwe hivyo kwa barua, asije akamtuma mtu safari bila kujua.

Utaratibu kwa idara: Wizara ya Kazi inachukua siku 7 za kazi kuidhinisha LCA, yaani tamko la mshahara na mahali pa kazi, halafu ndipo I-129, fomu ya ombi la mwajiri, inatumwa. Ada za H-1B ni za mwajiri, msimwambie mhadhiri azichangie. Mahali pa kazi pakibadilika kwenda mji mwingine nje ya eneo lililoandikwa kwenye LCA, ombi lirekebishwe kabla hajahamia, hata kama anafundisha kwa njia ya mtandao kutoka nyumbani. Mkataba ukikatika ana hadi siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine, kubadili hadhi au kuondoka.

Anayetoka chuoni kwenda kampuni ya kawaida ajue hakuwahi kuhesabiwa kwenye kikomo, hivyo anaanza na kura kama wengine. Na kuanzia 27 Februari 2026 kura inapima ngazi ya mshahara: ngazi ya nne jina linaingia mara nne, ya kwanza mara moja. Mwenye mshahara wa kuanzia maisha, bahati yake imepungua.

J-1 ina masharti yake. Kwa wahadhiri na watafiti muda wa juu ni miaka mitano. Programu hiyo ikimalizika au kufungwa, hata kama ulikaa miezi minane, kurudi kwa kundi hilo hilo kunahitaji kusubiri miezi 24. Mtu anayekuja kwa miezi minne tu aandikiwe kundi la mtafiti wa muda mfupi, asichome kipindi chote bure. Halafu kuna sharti la miaka miwili nyumbani, linalomshika aliyegharimiwa na serikali, aliye kwenye fani za orodha ya ujuzi ya nchi yake, au daktari wa mafunzo ya kitabibu. Orodha hiyo ilifanyiwa mabadiliko 9 Desemba 2024, nchi nyingi zikaondolewa, na inawahusu hata waliokuja zamani. Aliyebanwa na orodha ya zamani aangalie upya, huenda yuko huru bila kuomba msamaha.

Anayehitaji msamaha: usiuombe mapema kupita kiasi. Wizara ya Mambo ya Nje ikishatoa pendekezo zuri, DS-2019 haiwezi kurefushwa tena. Refusha kwanza mpaka mwisho unaoruhusiwa, ndipo uombe, na msamaha uwe mkononi kabla chuo hakijatuma H-1B ya kubadili hadhi ndani. Mwenye kazi nzito za utafiti aulizie pia O-1, viza ya wenye uwezo wa kipekee. Haina kikomo na malipo ya dola 100,000 hayaigusi, ila ushahidi wake ni kazi ya miezi kuuandaa.

---

ng'ambo_ya_pili:

Uingereza na Kanada kwa ufupi. Huko nako swali ni tarehe ipi inayohesabika, na kila kanuni ina ya kwake.

Uingereza: kuzuia wategemezi kulihesabu tarehe ya kuanza kozi, 1 Januari 2024 na kuendelea, isipokuwa uzamivu, shahada za utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Lakini viza ya baada ya masomo, ile ya Graduate, inahesabu tarehe ya kuomba. Ukiomba 1 Januari 2027 au baada, unapata miezi 18 badala ya miaka miwili. Uzamivu unabaki miaka mitatu. Kwa hiyo aliyeanza shahada ya uzamili Septemba 2026 ajipange kwa miezi 18. Aliyeanza Septemba 2025 ana nafasi ya miaka miwili, ila huwezi kuomba mpaka chuo kiripoti serikalini kwamba umemaliza. Matokeo yakitoka Desemba 2026 msongamano utakuwa hapo. Aliyeomba kuongezewa muda wa tasnifu asogeze kalamu, wiki mbili za nyongeza zinaweza kumgharimu miezi sita. Kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya Skilled Worker (wafanyakazi wenye ujuzi) kilipanda hadi pauni 41,700 kuanzia 22 Julai 2025, na wanaoanza utafiti wana punguzo. Viza ya Global Talent, ya wenye vipaji vya juu, haina kiwango cha mshahara.

Kanada: tangu 8 Novemba 2024 kuhama chuo kunahitaji kibali kipya cha masomo, huwezi tena kuhama kwa kutoa taarifa tu. Siku hiyo hiyo saa za kazi nje ya chuo ziliwekwa 24 kwa wiki muhula ukiendelea. Kuanzia 1 Septemba 2025 pesa ya kujikimu kwa mtu mmoja ni dola za Kanada 22,895, nje ya karo na nauli. Quebec ina hesabu yake. Barua ya jimbo ya kuthibitisha nafasi ya mwanafunzi haihitajiki tena kwa uzamili na uzamivu kwenye vyuo vya umma tangu 1 Januari 2026. Kibali cha kazi baada ya masomo kina tarehe mbili tofauti. Sharti la lugha linamshika anayekiomba kuanzia 1 Novemba 2024. Sharti la fani kwa kozi zisizo za shahada linaangalia uliomba lini kibali cha masomo.

---

kalenda_kwanza:

Nyongeza, maana hakuna aliyeuliza na lilishatokea. Aprili 2025 maelfu ya rekodi za SEVIS zilifutwa na serikali yenyewe bila vyuo kuombwa. Kesi zikamiminika mahakamani, na 25 Aprili serikali ikasema inazirudisha. DSO wengine waligundua kwa kufungua mfumo tu, mwanafunzi hakupata barua yoyote.

Ukipata barua pepe ya ubalozi kwamba viza imefutwa, hiyo ni viza. Peke yake haikufukuzi darasani, ila usisafiri. Rekodi ya SEVIS ikifutwa ni uzito mwingine. Siku hiyo hiyo mwombe DSO sababu iliyoandikwa na picha ya ukurasa, kazi yoyote isimame mpaka mwanasheria aseme, na usikimbilie kuondoka nchini kabla hujaongea naye. Kama kosa ni la kurekebishika, ombi la kurejeshewa hadhi kwa I-539 linatakiwa ndani ya miezi mitano. Karatasi zako zote (I-20 za zamani, I-94, rekodi za masomo kila muhula, kadi za kazi) ziwe kwenye faili moja nje ya barua pepe ya chuo, kwa kuwa akaunti hiyo inaweza kufungwa.

---

mwanga_wa_taa:

Mmenitendea haki wakuu. La mwisho: mke au mume wa mhadhiri mwenye H-1B, yule wa H-4 mwenye kadi ya kazi, naye ameguswa?

---

ajira_za_kitaaluma:

Ndiyo. Zamani akihuisha kadi kabla haijaisha aliweza kuendelea na kazi hadi siku 540 akisubiri. Kwa maombi yaliyotumwa kuanzia 30 Oktoba 2025 nyongeza hiyo ya moja kwa moja imeondolewa. Kadi ikiisha kabla mpya haijatoka, kazi inasimama siku hiyo. Anaruhusiwa kuomba hadi siku 180 kabla ya kuisha, basi atume mwanzoni mwa dirisha hilo. Ambaye H-4 yake inaisha pamoja na kadi, H-1B ya mwenzake irefushwe mapema na fomu zote tatu, I-129, I-539 na I-765, ziende bahasha moja. Kadi haiwezi kupewa tarehe inayopita hadhi yenyewe. Zile siku 180 za anayesubiri nyongeza ya OPT ya fani za sayansi ziko kwenye kipengele kingine na hazikufutwa, msizichanganye.